Mupima Akili Aliyetushikia Visu

Siku ile walikuwepo hawa. Baba mdogo Sumaili, aliyekuwa mahali pa marehemu baba yetu. Mke wake, Mama Safi, aliyekataa kukaa akasimama mlangoni. Bibi yake Musafiri, mzee ambaye macho yalikuwa yameanza kumwacha lakini masikio bado. Musafiri mwenyewe, mvuvi wa Nyangwe. Feruzi, mdogo wangu anayenifuata, fundi cherehani. Aziza, kitinda mimba wetu. Mimi, mkubwa wao. Na mtu ambaye nataka kumweleza hapa, aliyeshika visu.

Ninawataja kwa sababu jambo lililofanyika halisimami bila majina ya mashahidi. Mtu akija kesho kulikana, anaambiwa: fulani alikuwepo, nenda umuulize. Jina la huyu wa mwisho tu ndilo nitaliacha, maana yeye mwenyewe hakupenda litajwe. Mji wetu wa Kasongo ulimwita Mupima Akili, na wenye haraka walimwita Mupima. Aliitika yote mawili.

Alifika kwa kamyo, lori la posta, katika miaka ya mwisho ya Wabelgiji, amepakata sanduku la mbao kama mama aliyepakata mtoto. Alikozaliwa sikujui. Ukimuuliza alisema "chini ya mto", na Lualaba ni mto mrefu. Nilichokijua ni kwamba alisomea uuguzi, akafanya kazi muda mrefu katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko mji mkuu, na madaktari wa huko wakamfundisha kazi yao ya kupima jinsi mtu anavyofikiri na anavyohisi. Serikali ilimtuma kwetu kupima vijana waliotaka shule ya ufundi au kazi ya migodi upande wa Lusangi. Wagonjwa wa akili nao aliwatazama, hospitalini.

Habari ilimtangulia kwamba analeta mizani. Basi akina mama walifanya waliloona ni la busara. Waliwakataza watoto wao kunyoa, na asubuhi ya kupimwa wakawashibisha ugali wa muhogo na samaki. Kijana wa kwanza alilala usingizi juu ya vile vipande vya mbao vya rangi alivyotakiwa kuvipanga. Mupima alitoka nje.

"Huyu mumemupa nini?"

"Chakula, Bwana," mama yake akasema. "Akili ikuwe na uzito."

Hakucheka. Alisema, "Vizuri. Kesho mulete watoto na njaa kidogo." Kesho yake waliletwa hawajaonja kitu tangu jana, wakalia mbele ya sanduku. Siku kadhaa zilipita kabla ya Kasongo kuelewa kipimo cha katikati, na hata walipoelewa, kuna mama aliyekuwa anamsindikiza mwanawe na kipande cha muhogo mfukoni, kwa tahadhari.

Mimi niliacha shule ya masista mwaka mama alipomfuata baba. Nilikuwa na wadogo wawili na kikaango kimoja. Nilikaanga vitumbua vya mchele kwa mawese, kwenye njia ya kutoka hospitali kwenda soko, na watu wakubwa kwa wadogo waliniita Yaya, dada mkubwa, kama ndugu zangu walivyoniita. Mupima alikuja siku ya pili tu tangu afike. Alikula kimya, akafuta vidole kimoja kimoja kwa kitambaa, akaniuliza kama ninamfahamu kila mtu anayepita. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi kazi yetu ni moja."

Alikuwa mtu wa kuchekesha bila kutaka. Aliingia bila fimbo, bila mlinzi, katika chumba cha wagonjwa wanaopiga watu, akakaa chini nao. Lakini kuku alimwogopa. Si jogoo mkali tu, kuku yeyote, hata mama mwenye vifaranga. Kuku akikatiza njia, Mupima alisimama kama amekutana na nyoka, na watoto wakatoka wakimwimbia. Aliwaambia watu waseme hofu zao kwa sauti, na ya kwake aliisema: "Mimi ninaogopa kuku. Sasa wewe unaogopa nini?" Watu wengi walianzia hapo. Ni vigumu kumwonea haya mtu aliyekwisha kukuambia anaogopa kuku.

Alikuwa na neno lake moja: "Kwanza tuulize, halafu tuogope." Alilitumia kwa mtoto anayekojoa mkekani, kwa mwanamke anayesikia sauti, kwa mzee aliyeacha kusema tangu mkewe afe. Mwenyewe, hata hivyo, ulipomuuliza habari zake, alikuwa msiri. Aliwafungua wengine kutwa nzima, akarudi nyumbani, akajifungia.

Gazeti la Kiswahili lilikuja kwa kamyo ile ile ya posta, na yeye aliliandikia. Watu walikuwa hawajaona maandishi ya namna ile. Magazeti yalitufundisha kulima pamba na kuchemsha maji. Yeye aliandika juu ya wivu. Aliandika kwa nini baba anayempenda mwanawe anashindwa kumwambia. Hakutumia neno la daktari hata moja. Alitumia sufuria, mkeka, mkwe anayekuja bila kuitwa. Namna yake ya kuandika ilikuwa hii: akimaliza ukurasa, alikuja nao kwenye kikaango changu, akawasomea wateja wakiwa wanakula. Hakuwatazama macho, alitazama mataya. Wakiendelea kutafuna, alikata sehemu ile. Wakiacha kutafuna, alirudi nyumbani anafurahi.

"Mupima, utaniharibia biashara," nilimwambia. "Watu wanasahau kula."

"Wakisahau wanabaki. Wakibaki wanaongeza kingine. Mimi ndiye ninakusaidia, Yaya."

Naye alikuwa na kweli.

Sasa nieleze habari ya Feruzi, maana ndiyo iliyotuunganisha.

Feruzi alishona suruali barazani kwangu. Musafiri alileta samaki kutoka Nyangwe, na kila alipoleta alibaki, mwanzo siku moja, baadaye juma, mpaka nikaacha kuuliza anaondoka lini. Walifyeka nyuma ya nyumba yangu wakajenga ya kwao, vyumba viwili na paa zuri kuliko langu. Majirani waliwaita marafiki. Mimi niliona jinsi Feruzi alivyoinua kichwa kutoka kwenye cherehani kila aliposikia hatua za Musafiri, kabla yetu sisi kusikia chochote. Niliona, nikaendelea kukaanga.

Baba mdogo Sumaili alipata msichana wa kumwoza Feruzi. Familia nzuri, wazazi watulivu. Alipoleta habari, Feruzi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja.

"Baba, sitachukua mutoto ya watu nimukalishe analia. Mimi niko na mutu yangu. Munamujua."

Baba mdogo hakuwa mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Alituletea mchele mwaka ule wa msiba bila kusubiri tuombe. Lakini alisimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji. Kisha akapata njia iliyomwokoa yeye na aibu yake: Feruzi ni mgonjwa wa akili. Mgonjwa hana kosa, na ndugu zake hawana haya. Kulikuwa na hospitali ya wagonjwa wa akili mbali, ile aliyotokea Mupima, na kati ya waliopelekwa huko sikuwahi kumwona aliyerudi. Serikali ingemsafirisha. Kilichohitajika ni neno la Mupima.

Nilimwendea mimi kabla baba mdogo hajamwendea. Nilimkuta anapanga vipande vyake sandukuni.

"Unaweza kumuponya?" nikauliza.

"Anakula?"

"Anakula."

"Analala? Anafanya kazi? Anacheka?"

"Anacheka kupita kiasi."

"Basi Yaya, unataka nimuponye nini?"

Akafunga sanduku. "Nitamupima," akasema, "kwa sababu baba yenu ataniuliza kama nilimupima. Sitaki kumujibu kwa maneno matupu."

Alimpima kweli. Feruzi alipanga vipande vya mbao haraka kuliko kijana yeyote wa Kasongo. Jicho la fundi. Alieleza picha. Alichora ua wa nyumbani na kila mtu mahali pake: mimi motoni, Aziza mlangoni, Musafiri karibu na cherehani, na baba mdogo pembeni, amegeuza uso. Mupima alitazama ule mchoro muda mrefu kuliko alivyotazama mengine.

Ndipo tukakutana barazani, sisi niliowataja mwanzoni.

Baba mdogo alianza. "Bwana Mupima, utuambie. Mutoto yetu iko mugonjwa?"

"Haiko mugonjwa."

"Utazame tena."

"Baba Sumaili, nimekaa na wagonjwa kuliko nilivyokaa na wazima. Ningeuona. Mutoto yako iko muzima, na iko na akili kuliko vijana wote niliowapima hapa."

"Kama haiko mugonjwa, basi iko mubaya."

"Hilo siwezi kulipima. Sanduku yangu inapima akili ya mutu. Haipimi hasira ya baba mudogo."

Aziza alicheka, akajiziba mdomo. Baba mdogo alisimama. Nilifikiri imekwisha: atakwenda kwa wakubwa wa serikali, atatafuta daktari mwingine, na Feruzi atapakiwa kwenye kamyo. Hapo bibi yake Musafiri, ambaye tulidhani amesinzia, akafungua kinywa.

"Sumaili, ukae. Unapiga kelele kama umeona kitu kipya. Wakati ya baba yako, wanaume wawili wasioachana walichanjiwa, wakakuwa ndugu ya damu, wakakaa ua moja mpaka kufa. Nani aliuliza wanalala namna gani? Uliuliza, wewe?"

Baba mdogo alikaa. Kuchanjiana kulikuwa kitu anachokijua, kitu cha wazee wake, chenye heshima. Niliuona uso wake ukipata mahali pa kupumzika.

Aliyekataa ni Mupima.

"Hapana," akasema. "Huko ni kuficha. Hawa si ndugu. Wakiitwa ndugu leo, kesho mwengine kama wao atapelekwa mbali, na hakuna atakayejua kwamba walikuwepo wengine."

Alikuwa na haki, na hasira ilimpandisha sauti, jambo nisilowahi kulisikia. Lakini mimi ndiye niliyewalea wale. Nikamwambia, "Mupima, wewe utapanda kamyo siku moja. Sisi tutabaki hapa. Utupe paa kwanza. Jina utatengeneza kisha."

Alinitazama. Akamtazama Feruzi, na Feruzi akasema taratibu, "Mimi ninataka, Bwana. Si kwa kuficha. Ninataka mutu aseme mbele ya watu kwamba huyu ni wangu, na watu waitikie."

Mupima akavua koti.

Kuchanjiana kunahitaji mtu wa kushika visu. Huyo si ndugu wa upande wowote. Husugua kisu juu ya kisu, na katika sauti ile ya chuma husema masharti, na wote wanaitikia. Hatukuwa na mtu wa nje mwingine. Na kunahitaji kuku, kwa ajili ya ini. Mama Safi, aliyekuwa bado mlangoni, ndiye aliyekwenda kumkamata. Alirudi naye anapiga mabawa, na Mupima Akili, aliyelala katika chumba kimoja na wendawazimu, akapanda juu ya kigoda.

Tulicheka wote. Baba mdogo naye alicheka, kwa nguvu, machozi yakamtoka, na sidhani yote yalikuwa ya kicheko.

Ini likachomwa. Wakachanjwa kifuani, kila mmoja akala kipande chenye tone la mwenzake. Mupima akasugua visu. Hakujua maneno ya zamani, kwa hiyo bibi alimnong'oneza na yeye akasema, mengine akaongeza ya kwake.

"Huyu akigonjwa, wewe utalala karibu naye."

"Ndiyo," tukaitikia.

"Huyu akikosa chakula, chako ni chake. Huyu akifa, wewe utamulilia mbele ya watu, na hakuna atakayekuuliza wewe ni nani yake."

Hapo bibi hakuwa amenong'ona kitu. "Ndiyo," tukasema. Baba mdogo alichelewa, lakini alisema.

Kwetu, mtu akishika visu kwa nyumba yako, nyumba yako inadaiwa sauti. Haidaiwi mbuzi wala shamba. Siku yeye au mtu wake ataingia katika mashitaka, wewe unasimama na kumsemea. Bibi alimweleza hilo Mupima. Akasema, "Mimi hapa sina watu." Bibi akamjibu kwamba deni halina haraka.

Lile jina nililomwambia atatengeneza kisha, alilitengeneza. Baada ya mvua kukatika alikuja kwenye kikaango na ukurasa. Alisoma kwamba amekaa na wagonjwa na anajua ugonjwa unavyoonekana. Kwamba mwanaume anayempenda mwanaume mwenzake, analala vizuri, anafanya kazi yake na kucheka na jirani, yeye hamwoni miongoni mwa wagonjwa hao. Kwamba kilichopo hapo ni hofu yetu sisi, na tusimpe mwenzetu hofu yetu aimeze kama dawa.

Nilimgeukia kila mteja. Hakuna taya lililosogea.

"Nitume?" akaniuliza.

"Wewe ndiye unasema mataya hayadanganyi."

Mteja mmoja, fundi wa baiskeli, akapata sauti. "Na wewe, Mupima, hauna muke wala mutoto. Wewe uko upande gani?"

"Mimi niko upande wa kitumbua chako, kinapoa."

Alipoondoka yule, nilimuuliza kwa nini hakujibu. Akakunja ukurasa wake. "Yaya, nikisema ndiyo, watasema ninajitetea, na hawatasikia lolote. Nikisema hapana, nitakuwa nimemutupa mudogo yako. Acha wakae na swali. Litawafanyia kazi."

Gazeti lilichapisha. Toleo lililofuata liliomba radhi kwa wasomaji. Si muda mrefu Mupima akahamishwa Kabambare, kwenye dispanseri, zahanati ndogo, bila sanduku lake; walisema vijana wa huko hawahitaji kupimwa. Alipanda kamyo kama nilivyotabiri, na mimi nikajilaumu kwa kutabiri.

Lakini maneno hayahamishwi. Madereva walianza kusimama kwangu. Mmoja kutoka upande wa ziwa alikula, akazungukazunguka, mwishowe akauliza, "Yule aliyeandika, iko wapi? Kuna mutu yangu anamusalimia." Mwingine alisema mwalimu wa kijiji chao amekata ukurasa ule na kuubandika nyumbani kwake, nyuma ya mlango. Na baba mdogo Sumaili, ambaye kwa msimu mzima alipita mbele ya cherehani akitazama upande mwingine, alifika asubuhi moja na kitambaa kwapani. Alikiweka mbele ya Feruzi.

"Kola ikuwe ndogo," akasema. Akakaa kungoja. Musafiri akamletea maji, akayapokea.

Nilikwenda Kabambare mara moja, kiangazi, barabara ikipitika. Feruzi alinipa koti alilomshonea Mupima. Mimi nilibeba vitumbua, ingawa nilijua vitafika vigumu kama mawe. Nilimkuta nyuma ya dispanseri, amekonda, nywele zimeingia mvi, amekaa kwenye kiti na miguu ameikunja juu. Chini yake walikuwa kuku.

"Wananiletea," akasema kabla sijamsalimia. "Kila mutu ninayemusaidia, kuku. Siwezi kukataa zawadi, na siwezi kuwachinja, kwa sababu itabidi niwashike."

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Alivaa koti, likamkaa vizuri begani, lakini tumboni lilikuwa pana. Feruzi alikuwa amekata kwa kumbukumbu. Ukutani walingojea watu: mama na binti yake, mzee, na wanaume wawili kutoka machimbo ya Lusangi, waliokaa mbali mbali kwa namna ambayo mimi niliitambua mara moja. Aliyafuata macho yangu.

"Hao ndio watu yangu sasa," akasema. "Wakipita Kasongo, utawasemea?"

"Nitawasemea."

"Basi deni yenu imekwisha."

"Haijakwisha," nikasema. "Hao ni ombi lako. Deni ni kukusemea wewe mwenyewe. Wewe nani alikusemea?"

Alitafuna kitumbua kile kigumu. Nilimtazama taya, kama alivyonifundisha. Lilisimama.

"Bado," akasema.

"Niseme nini siku ikifika?"

"Bado, Yaya. Nitakuja kukuambia." Alitabasamu, na tabasamu lile halikuwa la mtu aliyekata tamaa. Lilikuwa la mtu anayepanga safari. Kisha akashusha mguu mmoja chini, katikati ya kuku, akaunyanyua, akaushusha tena, akawaita wale wawili wa Lusangi.

Wabelgiji waliondoka, barabara ikaharibika, naye akahamia mbele zaidi ya Kabambare, ambako sikufika. Feruzi na Musafiri wamezeeka katika nyumba yao ya vyumba viwili. Cherehani bado naisikia ninapoandika. Watu aliowatuma walikuja, wale wawili na wengine, na kila aliyekuja nilisimama naye barazani nikasema, na mara nyingi zaidi kuliko nilivyotegemea, watu waliitikia ndiyo.

Yeye bado hajaja kuniambia niseme nini. Kamyo ikisimama, naondoa kikaango motoni na kutazama anayeshuka.